Bustani ya darasa la awali: anza na harage kwenye chupa

Mwezi Januari nikipokea watoto wapya, somo la mimea silianzii ubaoni wala shambani. Naweka sahani ya maharage makavu mezani. Harage linashikika vizuri na vidole vya mtoto wa miaka mitano, linapatikana kila duka la mtaani, na likianza kuota halifichi kitu. Nafundisha darasa la awali hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ambako karibu kila mtoto ana mtu wa nyumbani anayelima au anayeuza mboga sokoni. Hata hivyo, wengi wao hawajawahi kuona mbegu ikipasuka. Wameona mama anafukia, kisha siku nyingine wakaona mche. Yaliyotokea katikati yamebaki ndani ya udongo, na hayo ndiyo ninayotaka wayaone.

Kanuni ninayoifuata ni hii: mtoto aone kwanza, aseme alichoona, ndipo mimi niseme. Mwalimu anayeanza kwa kuchora mmea ubaoni na kuandika mzizi, shina, jani, anawapa watoto majina ya vitu ambavyo bado hawajavitafuta. Watayakariri na kuyaimba vizuri sana mbele ya mgeni, lakini ukiwapeleka nje ukawaambia waonyeshe mzizi, watanyoosha kidole kwenye shina.

Kulifungua harage

Jioni loweka konzi moja ya maharage, wala usiwaambie. Asubuhi weka sahani mbili mbele yao, moja ya maharage makavu na nyingine ya yaliyolala kwenye maji. Waache wayashike. Uliza tu: haya na haya yana tofauti gani? Watasema hili gumu, hili laini, hili kubwa, hili ngozi yake imekunjamana. Kuna atakayesema limekunywa maji. Usiharakishe kumsifu huyo ukawaacha wenzake. Muulize amejuaje.

Kisha kila mtoto apate harage moja lililolowa. Wamenye ganda, ambalo linateleza lenyewe. Wapasue nusu mbili taratibu kwa ukucha, wakianzia upande wa mgongo, si upande wenye kile kidoa ambapo harage lilishikana na ganda lake shambani. Ndani, karibu na kidoa, kuna kimche kidogo cheupe kilichojikunja, na vijani vyake viwili vinaonekana hata bila miwani. Hapa darasa huwa linanyamaza. Zile nusu mbili nene ni chakula cha kimche, na mimi nawaambia ni uji wake wa kuanzia, kwa sababu hana bado mizizi ya kujitafutia. Watoto wanaokunywa uji shuleni kila siku saa nne wanaelewa papo hapo.

Sasa kata chupa ya maji ya lita moja na nusu, sehemu ya juu uitoe. Ukingo uzungushie utepe wa gundi ili usimkate mtu. Jaza karatasi ya chooni au gazeti lililolowanishwa, ulisukumie ukutani, kisha chomeka maharage kati ya karatasi na ukuta wa chupa ili yaonekane kwa nje. Chini acha maji kiasi cha upana wa kidole. Karatasi itayavuta yenyewe kwenda juu. Maharage yasizame, kwa sababu mbegu inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na ikizama inaoza.

Kwa joto la hapa, mzizi hutokeza siku ya pili au ya tatu. Kufikia wiki moja shina limejipinda na linazivuta zile nusu mbili kwenda juu, halafu linanyooka na majani ya kijani yanafunguka. Maharage mengine yachomeke yamelala, mengine kichwa chini, mengine kichwa juu. Watoto watagundua kwamba mzizi unakwenda chini hata kama mbegu ilipinduliwa. Mizizi ikishafikia urefu wa kidole cha mtoto, ilaze chupa ubavu mbele yao. Kesho yake au keshokutwa ncha za mizizi zitakuwa zimekata kona kuelekea chini. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, nani anauonyesha njia?" Nilimrudishia swali na darasa zima likajadili hadi kengele ikalia. Kwa umri huo inatosha wajue kwamba mzizi unahisi chini ni wapi.

Chupa ya pili weka mahindi. Yenyewe hayafanyi kama maharage. Mbegu inabaki palepale ilipo, na kinachopanda juu ni kichomozo kimoja kilichochongoka. Kunde zinafanana na maharage, zinapanda na nusu zake. Mbaazi zinaziacha nusu zake chini. Kuziweka zote nne pamoja ni somo la wiki mbili, na sijawahi kuona watoto wakilichoka.

Kila asubuhi kabla ya uji, watoto watano wanakwenda kwenye chupa na kuchora walichoona. Tarehe unawaandikia wewe. Urefu wanaupima kwa ukanda wa karatasi, wanaukata sawa na mche na kuubandika ukutani. Baada ya siku kadhaa kanda zinapanda ngazi ukutani, na hesabu ya ndefu na fupi imefundishika bila wewe kuitaja.

Nyingine zitaoza. Usizitupe kabla watoto hawajafika. Wazione, wazinuse, walinganishe na iliyopona. Watauliza kama imekufa, na jibu ni ndiyo. Mtoto wa miaka mitano anaweza kulipokea jibu hilo, na linamfanya achunge vizuri zaidi iliyobaki.

Mambo ya hatari, ambayo sifanyi nayo mchezo

Watoto wadogo wanaingiza harage puani na masikioni. Likishaingia linavimba kwa unyevu na kulitoa inakuwa kazi ya daktari. Kwa hiyo nagawa kwa kuhesabu na kukusanya kwa kuhesabu, na hesabu isipotimia hatutoki mezani. Karanga na maharage hayafai kabisa kuachwa mikononi mwa wadogo zao wa miaka miwili au mitatu, maana wanaweza kukabwa nayo. Waeleze pia kwamba harage bichi haliliwi, kwa sababu lina sumu inayoondoka kwa kuchemshwa vizuri.

Mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi ya waridi, kijani au buluu zimepakwa dawa. Hizo zisiingie darasani hata moja. Tumia za jikoni au zilizotunzwa nyumbani.

Kagua pia ua wa shule. Minyaa hutoa utomvu mweupe unaounguza macho vibaya. Mbarika na mbono zina mbegu nzuri za kuvutia na zote ni sumu, ya mbarika inaweza kuua. Vile vijimbegu vyekundu vyenye doa jeusi vya mturituri, ambavyo watu wanatunga shanga, navyo ni sumu kali. Siku ya kwanza ya kutoka nje tunazunguka ua mzima na ninawaonyesha kwa fimbo: huu hatuugusi, huu hatuuonji. Na kabla watoto hawajaweka mkono kwenye tuta, mwalimu mwenyewe achekeche udongo kutafuta vipande vya chupa, misumari na nyembe. Samadi iwe imeoza kabisa, isiyonuka. Baadaye kila mtu ananawa kwa sabuni.

Kutoka nje: masika ikikaribia

Januari na Februari kwetu jua ni kali na mvua si ya kutegemea, ndiyo maana miezi hiyo ni ya chupa. Tuta tunaliandaa mwishoni mwa Februari ili tupande mvua za masika zikianza Machi. Kuna sababu nyingine ya kalenda hii: likizo ndefu ni Juni. Panda kitu kitakachovunwa kabla ya hapo, la sivyo watoto watarudi Julai na kukuta majani makavu.

Tuta liwe karibu na mlango wa darasa na karibu na maji. Bustani iliyo nyuma ya vyoo itasahaulika. Upana usizidi urefu wa mikono miwili ya watoto wanaokaa pande zote mbili, yaani kama sentimita themanini, ili kila mmoja afike katikati bila kukanyaga. Pasipo na ardhi, gunia lililojazwa udongo na samadi linafaa, na kwa watoto wachache vifuu vya nazi vilivyotobolewa chini vinatosha.

Mboga ninazozipendelea ni nne. Mchicha, kwa sababu unaota ndani ya siku tatu hadi tano na unaliwa ndani ya wiki tatu au nne. Kunde, kwa sababu wanazifahamu kutoka kwenye chupa. Boga moja pembeni, kwa ajili ya maua yake. Na matembele, kwa sababu hayatoki kwenye mbegu. Kabichi, karoti na nyanya waachie wakulima wa Mgeta, kule milimani Uluguru. Ni mazao mazuri, ila mtoto wa awali hawezi kusubiri miezi mitatu pasipo jambo linalobadilika mbele ya macho yake.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno na mtoto atazimwaga zote sehemu moja. Zichanganye na mchanga mkavu, konzi moja ya mchanga kwa mbegu za kubana kwa vidole vitatu, kisha wanyunyize kwenye mfereji mdogo uliochorwa kwa kijiti. Udongo wa kufunika uwe mwembamba sana. Kunde zinakwenda ndani kiasi cha pingili moja ya kidole cha mtoto. Kanuni ya jumla ni kufukia mara mbili au tatu ya unene wa mbegu yenyewe, na watoto wanaielewa ukiwapa mbegu za ukubwa tofauti wazipange na kuzichimbia mashimo ya kina tofauti. Tandaza nyasi kavu juu, uziondoe mara miche inapochungulia.

Siku ya matembele huwa na ubishi mkubwa. Nawapa marando yaliyokatwa urefu wa mkono na kuwauliza mbegu iko wapi. Wanatafuta, wanapasua, hawaipati. Tunapanda hivyo hivyo, vifundo viwili au vitatu vikiwa ndani ya udongo. Baada ya wiki nafukua rando moja mbele yao, mizizi imetoka kwenye vifundo. Ndipo wanapoanza kuleta habari za nyumbani: muhogo unapandwa kwa kipande cha shina, mgomba kwa chipukizi lake. Tukifika hapo nawategea kitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kuku wangu katagia mwibani."

Jibu ni nanasi, na wengine wanalijua. Siku hiyo naleta nanasi kweli, tunalila, na kile kishungi cha majani juu yake tunakipanda kwenye ndoo iliyopasuka. Kitachukua zaidi ya mwaka kuzaa, watakuwa wameshaingia darasa la kwanza, na watapita kukiangalia.

Kumwagilia ni kazi wanayoigombania. Toboa vifuniko vya chupa za nusu lita kwa msumari uliopashwa moto, ufanye kazi hiyo mwenyewe, na kila mtoto awe na chupa yake. Inamwaga polepole, haichimbi mashimo, na hata akizidisha amezidisha nusu lita tu. Tunamwagilia asubuhi. Maji yakiwa ya shida, tunatumia yaliyooshea mchele na mboga jikoni.

Darasa likiwa na watoto wengi, usitoke nao wote. Gawa makundi, kila kundi liwe na kipande chake cha tuta kilichowekewa alama ya picha, kwa sababu majina bado hawasomi: jogoo, jua, samaki, ngoma. Kundi moja nje na wewe, mengine ndani yanachora au yanapanga mbegu kwa rangi na ukubwa na mwalimu msaidizi au mzazi. Kama uko peke yako, panga tuta chini ya dirisha ili uone pande zote mbili.

Maswali yanayohitaji kujaribiwa

Mtoto akiuliza "mmea unakula nini?" usimtolee hotuba. Chukua makopo mawili yenye miche ya maharage inayolingana. Moja likae dirishani, jingine lifunikwe kwa boksi, yote yapate maji sawa. Baada ya wiki mche wa ndani ya boksi umerefuka, umedhoofika, una rangi ya manjano. Watoto wanaona kwamba kurefuka si lazima iwe afya. Kisha uutoe, uuweke kwenye mwanga, na siku chache baadaye unaanza kuwa kijani. Napenda kuurudisha kuliko kuuacha ufe, maana kurudi kwake kunawafundisha kuhusu jua zaidi. Ukitaka kuongeza utamu, toboa boksi jingine tundu upande mmoja. Mche utapinda kulifuata tundu.

Panzi watakuja, konokono watakuja, na kuku wa jirani ndio watakaokuja wa kwanza. Kuku wawekee uzio wa matete. Wadudu usiwapulizie dawa kwenye bustani ya watoto, waokoteni kwa mkono asubuhi. Kiwavi mmoja mweke kwenye chupa yenye hewa pamoja na majani ya mmea ule ule aliokutwa juu yake. Watoto waliokuwa wanataka kumkanyaga watakuwa wa kwanza kumletea majani.

Boga likianza kutoa maua, yachunguzeni kila asubuhi mapema kabla hayajafumba. Ya kwanza kutoka kwa kawaida ni madume, yenye kikonyo kirefu tupu. Majike yana kiboga kidogo chini ya ua. Wape watoto kazi ya kutafuta lipi ni lipi, kisha wakae kimya watazame nyuki anavyotoka ua hili kwenda lile akiwa na unga wa njano miguuni. Ua jike lisilotembelewa, kiboga chake kinageuka manjano na kudondoka.

Wazazi, na suala la jembe

Kuna wazazi watakaokuja kuuliza kwa nini mtoto anarudi na udongo kwenye sare badala ya madaftari. Wana haki ya kuuliza. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, shamba liliwekwa ndani ya shule ili mtoto asitenganishwe na kazi ya watu wake, na wazo hilo naliheshimu sana. Lakini kwenye shule nyingi shamba liligeuka mahali pa adhabu: aliyechelewa akapalilie, aliyepiga kelele akachote maji. Mzazi aliyepitia hayo anaposikia neno bustani anakumbuka fimbo. Kwa hiyo nasema wazi kwenye kikao cha kwanza: hakuna mtoto atakayepelekwa kwenye tuta kama adhabu, na hakuna atakayefukuzwa kwenye tuta kama adhabu. Majembe marefu hawashiki. Wanatumia vijiti, vijiko vya zamani na mikono. Na kinachovunwa kinaliwa na watoto wenyewe, hakiuzwi wala hakipelekwi nyumbani kwa mwalimu.

Njia nzuri zaidi ya kuwapata wazazi ni kumwalika bibi au babu anayehifadhi mbegu. Watoto wanasimama, "Shikamoo bibi!", naye anaitikia "Marahaba, wajukuu zangu," kisha anafungua kitambaa chake. Wengi wanahifadhi kunde zikiwa zimechanganywa na majivu ili wadudu wasizitoboe, au mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya meko yapate moshi. Mwache aeleze kwa namna yake, hata kama anachanganya Kiluguru. Watoto wataleta maneno hayo kesho yake, na utashangaa wangapi wanayajua.

Kuvuna, na mbegu za kubakiza

Mchicha wa kwanza tunauvuna Aprili. Baadhi wanang'oa na mizizi, wengine wanakata shina kwa mkono juu ya jani la tatu ili liendelee kuchipua, na wiki mbili baadaye tunalinganisha. Wanaosha wenyewe kwa maji mara tatu, wanachambua, na mpishi wa uji anawapikia kwa karanga zilizotwangwa. Kabla ya siku hiyo hakikisha unajua mtoto gani karanga zinamdhuru. Ukiwa na shaka, pika kwa nazi.

Miche miwili au mitatu ya mchicha usiivune kabisa. Ifunge utepe na uwaambie hii tunaiacha izeeke. Itarefuka, itatoa mashuke, na majani yatapungua. Kabla ya kufunga shule Juni ongea na mlinzi, au mzazi anayeishi jirani, aimwagilie mara mbili kwa wiki, maana mvua zitakuwa zimekwisha. Julai watoto wakirudi mashuke yamekauka. Yakate asubuhi, yaanike kwenye karatasi kivulini, kisha kila mtoto asugue shuke moja kati ya viganja. Zinadondoka mbegu nyeusi zinazong'aa, mamia kwa mamia, na mtoto anayekumbuka alizinyunyiza ngapi ataanza kuhesabu hadi achoke. Peperusheni makapi polepole, msipulize kwa nguvu.

Mbegu ziwekeni kwenye bahasha za karatasi, si kwenye plastiki zikiwa bado na unyevu, na kila bahasha ichorwe picha ya mmea wake na kuandikwa mwezi. Nusu tunazipanda mvua za vuli zikianza Oktoba, na safari hii nawaachia watoto waamue kina na nafasi. Nusu nyingine wanakwenda nazo nyumbani likizo ya Desemba. Kwa mzazi naandika kikaratasi: changanya na mchanga, funika na udongo kidogo sana, mwagilia asubuhi, na mwache mtoto afanye mwenyewe hata kama mstari umepinda.